Nani aliwaambia wajenge kanisa mtoni?

Tangu yale mafuriko ya Aprili na Mei 2024, barabara ya kwenda Garissa ilipokatika pale Madogo na boti ikazama na watu, kuna swali limekuwa likirudi kila mto Tana ukipanda, na anayeuliza huwa tayari ana jibu lake. Ati hawa watu wa Tana River nani aliwaambia wajenge kwenye maji? Na haya makanisa ya zamani ya kule chini, Golbanti, Ngao na vijiji vya katikati, si ni wazungu ndio waliyaweka kando ya mto, wazungu ambao hawakuujua mto, halafu watu wakalizunguka kanisa na nyumba zao na sasa tunalipa sisi kwa helikopta na unga wa msaada? Basi dawa ni moja, watu wapandishwe juu, kanisa lipandishwe juu, shule ifuate, mambo yaishe.

Mimi naona swali lenyewe limekaa upande. Kanisa halikuwapeleka watu mtoni, watu walikuwa mtoni na mto ndio ukalivuta kanisa, tena si kulivuta tu, mto ndio ulioamua nani atakaa kwenye mabenchi yake na nani hatakaa. Usipoijua hiyo historia unaweza kumpandisha mtu juu ukidhani umemtoa kwenye maji, kumbe umemchukua kutoka kwenye shida anayoijua tangu babu yake ukamweka kwenye ugomvi wa ardhi ambao huko Tana umeshaua watu wengi, na sidhani wanaosema "wahame" wamekaa wakalifikiria hilo hata kwa dakika tano.

Hebu tuanze na mto wenyewe, maana wengi wanaouzungumzia wameuona kutoka dirisha la basi wakivuka daraja la Garsen. Tana una urefu wa kama kilomita 1,000, unatoka Aberdare na Mlima Kenya, unazunguka huko juu ukikusanya maji ya milima, ukifika Garissa kwenda chini hauongezewi karibu chochote, ni maji ya watu wengine yanapita kwenye nchi kavu. Nje ya ule ukanda wa kijani ni vichaka vya miiba na vumbi. Ndani ya ukanda Wapokomo wanalima, na kilimo chao cha jadi hakikungoja mvua kilingoja mafuriko, maji yanapanda mara mbili kwa mwaka kufuata mvua za masika na za vuli kule milimani, yanatandaza udongo mpya, yakirudi ndio mtu anapanda mpunga na mahindi, na kwenye kingo kuna ndizi na miembe mikubwa ya miaka mingi. Kwa nyuma kuna Waorma na ng'ombe wao, kiangazi kikikaza wanashuka mtoni kupitia njia za kunyweshea ambazo wanaziita malka. Kwa hiyo ukisema mafuriko kule ukadhani umetaja balaa tu umekosea, kwa mkulima wa zamani mwaka usio na mafuriko ndio ulikuwa mwaka wa njaa.

Na kuna jambo la pili ambalo watu wa bara hawalijui kabisa. Wao wanafikiri ukiondoka mtoni unapanda, kwa sababu kwao mto uko chini ya bonde. Tana ya chini haiko hivyo. Mto unaobeba udongo mwingi namna ile kila ukifurika unaacha mchanga na udongo mzito hapo hapo kandokando, yale maji mepesi ndio yanaenda mbali, kwa hiyo miaka ikipita ukingo wenyewe unainuka na kule nyuma kunabaki mabwawa. Ukitembea kutoka mtoni kwenda mashambani mara nyingi unashuka! Kwenye bonde lote la mafuriko mahali pakavu kuliko pengine ni pale pale ukingoni mwa mto, na ndio maana vijiji vilijipanga hapo kama shanga kwenye uzi muda mrefu kabla mzungu yeyote hajafika na Biblia. Aliyejenga kanisa ukingoni alijenga mahali wenyeji walipomwonyesha, na walimwonyesha mahali pazuri. Ubaya wa ukingo ni kwamba mto unaula. Leo uko hatua 100 kutoka majini, baada ya miaka kadhaa mto umekula kona na wewe uko pembeni kabisa, hilo ni tatizo lingine tutalifikia.

Sasa hawa watu wa kanisa walifikaje. Krapf, mmishonari Mjerumani, alifika Mombasa 1844, na shuleni tunafundishwa Krapf wa Rabai, Krapf wa kamusi, lakini mwenyewe roho yake haikuwa pwani. Alikuwa ametoka Ethiopia, na alichokuwa akikitafuta huku ni mlango wa kuwafikia Waoromo, ambao wazungu wa wakati ule waliwaita Galla, jina ambalo wenyewe hawalitaki. Aliamini hao wakishaokoka, Afrika mashariki yote itawafuata. Hiyo ndoto aliwarithisha Wamethodisti wa Uingereza, wale wa United Methodist Free Churches, na 1862 akawaleta mwenyewe, Thomas Wakefield akiwa mmoja wao, wakakaa Ribe huku nyuma ya Mombasa. Kumbuka Ribe ni kwa Wamijikenda, na kwa Wakefield ilikuwa kama kituo cha kungojea gari. Jicho lake lilikuwa kaskazini kwa Waoromo, alikwenda kuwatembelea miaka hiyo hiyo ya 1860, na ikachukua kama miaka 20 mpaka kituo chenyewe kikasimama Golbanti, ukingoni mwa Tana, katikati ya miaka ya 1880. Yaani kanisa la kwanza la Tana halikuwa kanisa la Wapokomo. Lilijengwa kwa ajili ya Waorma, yaani Waoromo wa huku Tana.

Hapo ndipo simulizi ya kawaida inapoharibika kabisa, kwa sababu leo ukisema kanisa Tana watu wanasikia Mpokomo na ukisema Mworma wanasikia msikiti, kama vile iliandikwa hivyo tangu mwanzo wa dunia. Haikuandikwa. Mei 1886 Wamaasai waliivamia Golbanti, wakamuua mmishonari John Houghton na mkewe Annie ambao walikuwa hawajakaa hata sana, pamoja na waumini kadhaa wa hapo, na makaburi ya hao wawili ndiyo kila mgeni anapelekwa kuyaona. Sina neno na makaburi. Lakini inanikera kidogo kwamba historia nzima ya mahali imekuwa ni hayo makaburi mawili, wazungu walikuja wakafa, kwisha, wakati waumini waliokufa nao siku hiyo hatuwataji, na wakati kati ya watu walioibeba kazi ya Golbanti alikuwemo mchungaji Mwafrika kutoka Sierra Leone, W. H. During, ambaye sidhani mtoto mmoja wa shule kule kati ya 100 amewahi kulisikia jina lake.

Kwa nini basi kanisa la Waorma likawa kanisa la Wapokomo? Hapa wengi wanakimbilia jibu la kiroho, ati huyu moyo wake ulikuwa mlaini na yule mgumu. Mimi jibu langu ni mto. Waoromo wa kusini miaka hiyo ya 1860 walikuwa wamepigwa vibaya sana, Wasomali upande mmoja, Wamaasai upande mwingine, mifugo imekwenda, watu wametawanyika, na waliobaki walikuwa wafugaji, mtu wa kuhama. Mmishonari wa wakati ule alichojua kufanya ni kujenga nyumba, kupiga kengele, kufundisha watoto wale wale kila siku mpaka wajue kusoma. Hiyo kazi inataka mtu anayekaa. Mfugaji akishasikia mvua imenyesha mahali huyo anakwenda, na kengele yako utaipigia ndege. Mkulima wa ukingoni yuko hapo, ndizi zake ziko hapo, na mtumbwi unamfikisha kanisani hata matope yakifunga njia. Halafu kuna siasa. Wapokomo wakati ule walikuwa wamebanwa, huku wanawatolea ushuru Waorma, huku watu wa pwani na wa usultani wa Witu wanawasumbua, kwa hiyo mtu mwenye bendera na bunduki na barua za kwenda Mombasa akikaa kijijini kwako huyo ni ngao, na sisemi hivyo kuwadharau kwamba waliokoka kwa hesabu, nasema tu hesabu ilikuwepo na ilikuwa ya akili.

Upande wa Ngao habari ni hiyo hiyo kwa lugha nyingine. Misheni ya Neukirchen ya Ujerumani ilifika miaka hiyo hiyo ya mwisho ya 1880, wakati Witu ilikuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani kuanzia 1885 mpaka walipoiachia Uingereza kwa ule mkataba wa 1890. Ferdinand Würtz akakaa Ngao, na badala ya kufukuza ndoto ya Krapf akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko majengo yote, alikaa na Wapokomo akajifunza lugha yao, akaandika sarufi yake kwenye majarida ya Ujerumani miaka ya 1890, na mwanzoni mwa karne ya 20 Agano Jipya likawa limeshatoka kwa Kipokomo. Hebu fikiria hiyo. Kabila dogo la ukingoni, ambalo majirani wote walilichukulia kama watu wa kulima na kutoa ushuru, lina kitabu kwa lugha yake wakati makabila makubwa ya bara bado. Vita vya dunia vilipokuja hawa Wajerumani wakajikuta raia wa adui kwenye ardhi ya Mwingereza, na mwishowe kazi yao ikaingia mikononi mwa Wamethodisti, na Kanisa la Methodisti la Kenya lenyewe likaanza kujitegemea 1967. Ukimuuliza mtu wa Ngao leo atakwambia yeye ni Methodisti, hana habari ya Neukirchen wala ya Bismarck, na ana haki.

Waorma nao miongo ya kwanza ya karne ya 20 wakaingia Uislamu, na Wapokomo wa juu, kuanzia sehemu za Hola kupanda, wengi wao wakawa Waislamu vilevile. Hapa nataka tusimame kidogo kwa sababu hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote na ndiyo inayopigiwa kelele sana, ile ya kusema ugomvi wa Tana ni wa dini, kwamba kanisa la mtoni na msikiti wa nyikani haviwezi kukaa pamoja. Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilishambuliwa wakauawa watu zaidi ya 50, Waorma, wengi wao wanawake na watoto, wiki chache baadaye Kilelengwani ikafuata, na kufikia mwanzo wa 2013 waliokufa walikuwa wameshapita 100. Watu wa mbali wakasoma majina wakaona Mkristo na Mwislamu wakafunga faili. Sasa kama ni dini mbona Mpokomo Mwislamu wa juu anagombana na Mworma Mwislamu juu ya malka ile ile na shamba lile lile? Kilichogombaniwa ni njia ya ng'ombe kufika majini na shamba lililolimwa katikati ya hiyo njia, ukiongeza wanasiasa na uchaguzi wa 2013 uliokuwa mlangoni na serikali ya kaunti inakuja na kila mtu anataka kujua nani atakuwa mkubwa. Dini ilifuata mstari ambao mto ulikuwa umeshauchora, mkulima huku mfugaji kule. Haikuuchora yenyewe.

Turudi kwenye kuhama. Wanaotaka watu wahame wana hoja na nisiwaonee. Watu wanakufa. Watoto wanakaa miezi bila shule, vyoo vinafurika kipindupindu kinaingia, mamba wanaletwa na maji mpaka uani, na kila mara ni kambi ile ile ya maturubai pembeni ya barabara. Miaka ya 1961 na 1997 ilikumbukwa kama mafuriko ya kihistoria, lakini baadaye tumepata 2018, tumepata mwisho wa 2023, kisha 2024 kabla matope ya kwanza hayajakauka. Mwenye kusema hivi haiwezekani kuendelea, namwelewa. Mimi nimewahi kukaa kwenye ibada katika kanisa moja la huko chini, ukuta wa udongo, na ukutani kuna mistari ya matope mmoja juu ya mwingine, na mzee aliyekaa karibu nami alipoona naitazama akainyooshea fimbo akawa anaitaja miaka yake taratibu kama mtu anayetaja wajukuu, mchungaji huku anahubiri. Ule mstari wa juu kabisa ulikuwa umepita kichwa cha mtu aliyekaa. Huwezi kuona hiyo ukasema hakuna tatizo.

Kuna upande mwingine unaosema kanisa lisiguswe kwa sababu ni urithi, ni la miaka 140, mababu waliokoka hapo, makaburi yako hapo. Nao siwezi kuwaunga mkono moja kwa moja, kwa sababu hawaijui historia wanayoitetea. Mto huu haukai. Karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto Ozi, nia ilikuwa mitumbwi na mazao yafike Kipini kwa urahisi, maji yakaupenda mfereji, yakaupanua, mwishowe Tana nzima ikahamia huko na mdomo wake wa zamani ukabaki jina. Mto unaoweza kuacha mdomo wake wa kuingilia baharini utashindwa kuacha kijiji? Na kule juu, mradi wa umwagiliaji wa Hola, ule uliojengwa kwa jasho la wafungwa wa wakati wa hali ya hatari ya Mau Mau (Hola hiyo hiyo walikouawa watu 11 kwa kipigo Machi 1959), ulikufa 1989 kwa sababu mto uliamka ukahama ukaziacha pampu zimekodolea mchanga. Hao walikuwa wahandisi na serikali. Kwa hiyo vijiji vya Wapokomo vimehama siku zote, mto ukila upande huu watu wanakwenda upande ule, ukiacha ziwa la kona watu wanaacha mahame, na kanisa la udongo na makuti linafuata watu, linajengwa upya na mikono ile ile. Kanisa la zamani kule ni kusanyiko lenye jina. Kuta zimebadilika mara nyingi. Anayelilia kuta anaomboleza kitu ambacho wenyewe hawakukililia.

Basi si hapo umekubali wahame? Hapana, angalia walikuwa wanahamia wapi. Walihama kando ya mto, kutoka ukingo kwenda ukingo, na ardhi ya Mpokomo kwa jadi imekatwa kwa vipande vinavyoanzia majini kuingia ndani, ukoo huu hapa ukoo ule pale, wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, wanajua mpaka wa kila mmoja, kwa hiyo kijiji kikihama kinahamia mahali ambapo kuna mtu wa kumwomba na jina la huyo mtu linajulikana. Kiwanja cha kanisa kilitolewa hivyo, na cha shule hivyo hivyo. Sasa "juu" inayosemwa leo, kule kwenye mwinuko wa nyika nje ya bonde, si ya ukoo wowote wa mtoni. Ni malisho. Ng'ombe wa Mworma mvua zikinyesha wako huko, na njia zake za kushuka malka zinapita hapo hapo. Ukipanga vijiji 20 kwa mstari ulionyooka pale juu, na kila kijiji kikaja na kanisa lake na msikiti wake na uwanja wa mpira na shamba dogo la mahindi nyuma ya nyumba, umejenga ukuta kati ya mfugaji na maji. Mwaka 2001 kupima ardhi tu, kupima, watu wapewe hati, kulitosha kuwasha moto kati ya Wapokomo na Waorma. Tumesahau haraka namna hiyo?

Halafu jaribio la kuwakalisha watu mbali na ukingo limeshafanyika, linaitwa Bura. Mwisho wa miaka ya 1970 serikali na Benki ya Dunia walileta watu kutoka sehemu mbalimbali za nchi, wakawajengea vijiji vya mistari huko kwenye ardhi ya ndani, maji yaletwe kwa pampu. Watu wakapata malaria, wakakosa kuni, pampu zikawa zinakufa msimu ukiwa katikati, na mradi ukaishia kuwa mdogo sana kuliko ulivyochorwa. Sisemi kila uhamisho ni Bura. Nasema mtu akiniambia juu ni salama namuuliza maji ya kunywa yanatoka wapi, maana mama atateremka mtoni na ndoo kila siku na shamba lake la mpunga liko kule kule chini, kwa hiyo umemwongezea mwendo wa kilomita kadhaa, na mafuriko yatamkuta shambani badala ya nyumbani.

Na kuna mtu mmoja anayetoroka katika mjadala huu wote, naye ni bwawa. Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988, hiyo ngazi yote ya mabwawa ya umeme iko juu ya Tana. Tangu Masinga ijae mto umekuwa na tabia nyingine, yale mafuriko madogo madogo ya kila msimu, yale ya kuleta udongo, yamepungua, mkulima akajifunza kupanda chini zaidi na karibu zaidi kwa sababu maji hayafiki kama zamani, halafu mwaka wa mvua kubwa mabwawa yanajaa, maji yanamwagika kwa wingi juu ya mafuriko ya mito mingine na yanamkuta chini. Kwa hiyo kumwambia mtu wa Golbanti amekaidi maji yaliyokuwepo tangu zamani si kweli kabisa, maji ya zamani aliyajua kwa miezi na kwa nyota, haya ya sasa nusu yake yanaamuliwa na kiasi cha umeme Nairobi inachotaka na lini bwawa limejaa. Bwawa bila shaka linapunguza mafuriko fulani, hilo wahandisi wako sawa, lakini limeivunja kalenda, na kanisa la mtoni lilikuwa limejengwa juu ya hiyo kalenda, mavuno na michango yake na harusi vyote vilifuata maji yalipopanda na yaliporudi.

Ndio maana naona kanisa hapa lingeangaliwa kama chombo, si kama masalio wala kama kosa la mzungu. Mafuriko yakija watu wanakimbilia wapi kwanza? Shule na kanisa, kwa sababu ndio majengo yenye msingi na yako mahali watu wanapafahamu. Kama pesa zipo za kuhamisha vijiji basi zipo pia za kuinua msingi wa jengo moja kwa kila kijiji juu ya ule mstari wa juu wa matope, liwe kanisa au msikiti au darasa, lenye ghorofa ya kuhifadhi mbegu na dawa, na kengele ile ile ya Jumapili ipigwe bwawa linapoanza kumwagika, maana maji kutoka kule juu huchukua siku kadhaa kufika chini na hizo siku kwa sasa zinapotea kwenye taarifa zinazosomwa Nairobi kwa Kiingereza. Kama kijiji lazima kihame, na viko vingine lazima, kianze kuhama kwa desturi yake, ukingoni kwenda ukingo ulioinuka zaidi, na kama ni mpaka nyikani basi malka zipimwe kwanza, kabla ya kiwanja chochote, wazee wa Waorma wakiwa pale pale na wazee wa Gasa, na zichorwe kwenye ramani kama barabara zinavyochorwa.

Najua kuna watakaosema namchelewesha mtu kwenye hatari kwa ajili ya wazee na mikutano. Labda. Lakini Wakefield alichukua miaka 20 kutoka Ribe kufika Golbanti na bado alikosea nani atakayekuja kuketi, na alikuwa mtu aliyekaa na hawa watu, si mtu wa siku mbili na ramani ya setilaiti. Kwa hiyo kila ninapoona mchoro mpya wa vijiji vya juu, nyumba zimepangwa vizuri na kile kimsalaba kidogo kimewekwa katikati kuonyesha kanisa, mimi natafuta kitu kimoja tu kwenye karatasi, kile kiwanja chenye msalaba kilikuwa malisho ya nani, na huyo mwenyewe aliulizwa lini.